Chupa ya Chini ya Kitanda

Bukavu, 20 mai 2000

Yaya Eulalie, dada yangu,

Ile damu Mama Bintu, mwenye anatubebeaka barua, aliona ku shati yangu haiko yangu, usilie. Mimi niko muzima. Na weye, mugongo? Batoto?

Balituletea hapa ku hospitali kijana mumoja wa Cimpunda, Kassim, risasi mu kifua. Nilikuwa nasafisha chini. Dokta Virginie akamutoboa ku mbavu, akaingiza tiyo, mupira mwembamba. Mwisho wa tiyo akautia mu chupa ya maji, chini ya kitanda. Yaya, damu ikashuka, hewa ikatokota mu maji, mutu akapumua! Huyu Dokta anapasuaka hata moyo. Niko nataka ile kazi. Sijaambia mutu ingine.

Mudogo wako,
Marcellin

Mudaka, 25 mai

Mudogo wangu,

Jambo sana. Mugongo ingali inauma, batoto balipona malaria. Nimecheka mpaka shemeji yako akakuja kuuliza. Weye? Wa troisième primaire, mwaka wa tatu tu wa masomo? Hata chumvi ku meza unaogopaka kuomba! Tonton Firmin, mujomba wetu, anakupatia shamba. Usipofika kabla ya dimanche, siku ya Mungu, ya kwanza ya juin, atapatia ndugu yetu Zagabe. Acha ndoto, rudi.

Yaya wako

Bukavu, 1 juin

Yaya,

Mama Bintu anasema mugongo imepoa, namushukuru Mungu. Mimi naandika mbio.

Jana nilikuwa nasafisha kule Kassim analala. Mama yake, mama ya heshima, akaona maji yangu chafu inakaribia chupa. Akainyanyua, akaiweka juu ya kitanda, pembeni ya kichwa. "Pita tu, papa." Nikaona maji inakimbia mu tiyo kwenda ku kifua ya mutoto wake! Yaya, mimi huyu nikapiga kelele: "Mama, shusha!" Nikarukia chupa, nikairudisha chini. Maji ikarudi.

Dokta alikuwa ku mulango. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Naangaliaka tu."

"Kwa nini chupa inakaaka chini?"

"Maji inashukaka, Dokta. Chupa ikiwa juu, itamushukia ndani."

Akageukia infirmier Chrispin, muuguzi, yule ananiitaka Ndoo: "Umesikia?"

Nikaambia Dokta niko nataka kazi yake. Anasema ni masomo ya miaka mingi. Nianze na masomo ya jioni, amekwisha niandikisha. Na asubuhi niingie naye kule banapasulia batu, nishike torche umeme ikikatika, niangalie.

Ambia Tonton aksanti. Shamba apatie Zagabe.

Balinionyesha namna ya kunawa mpaka ku kiwiko. Nikisha nawa sitagusa tena kalamu. Kuna askari, risasi imekaa karibu na moyo, Dokta anamufungua sasa hivi. Banangojea mimi na torche. Nakwenda.

Mudogo wako