Matundu Chini ya Bati

Kitale, 6 Novemba 2005

Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwa baridi. Mimi ni mzima, ni mikono tu imepasuka. Kifua chako kinaendeleaje? Ng'ombe amezaa?

Nakuandikia habari za mtambo wetu wa zahanati, maana simu na masikio yako haviivi chungu kimoja, na jirani Wanyonyi hukueleza nusu tu. Mtambo unakula gesi ya mavi ya ng'ombe. Tunatoa hidrojeni humo, inakutana na hewa ndani ya seli za mtambo, bila moto wowote, tunapata umeme na joto. Shida ni hilo joto. Kati ya kila sehemu mia za nguvu zinazoingia, arobaini zinakuwa umeme, na zilizobaki zilikuwa zinapotea bure. Nimepitisha mabomba ya maji hapo, sasa wodi ya akina mama ina maji moto na tumefika hamsini na tatu. Mhandisi Munene wa wafadhili anakuja mwisho wa mwezi. Tusipofika sitini anaung'oa mtambo, na akina mama watarudi kuzalia kwa mwanga wa koroboi.

Kwa hivyo nimeziba matundu yote chini ya bati la chumba cha mtambo kwa magunia na udongo, joto lisitoroke. Tumegonga hamsini na nane, Baba! King'ora cha gesi pale juu kilianza kulia ovyo, nikajua ni mvuke unakisumbua. Nikakishusha karibu na mlango, usawa wa kifua, kikanyamaza. Hata Kibiwott mlinzi amefurahi, ati chumba kina joto kama jikoni kwa mamake.

Binti yako,
Nekesa


Bungoma, 11 Novemba 2005

Nekesa mama yangu,

Salamu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Juzi nilimpelekea mjane wa Eliakim gunia la mahindi kule Chwele, kama kila mavuno. Mimi ni mzima, hofu ni kwako. Miaka yote nimeandika maneno hayo kwa mazoea tu. Leo ni ya kweli.

Fungua matundu hayo. Wewe mwenyewe uliniambia ukiwa chuoni kwamba hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa na haina harufu. Basi ikivuja itakaa wapi kama si juu? Na king'ora umekiweka chini kinuse nini? Kimenyamaza kwa sababu umekifanya kiziwi kama mimi. Nyanya yako hakukanyaga darasa, lakini aliacha nafasi kati ya ukuta na paa, moshi upate pa kutokea.

Nilifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda miaka kumi na tisa. Eliakim alikufa kwa sababu mtu aliziba tundu la juu ili joto lisipotee. Gesi ya kuni ikajikusanya. Yeye akawasha kiberiti.

Barua hii nampa Gikonyo, lori lake la mahindi linapita Kitale kesho. Jibu upesi.

Baba yako


Bungoma, 21 Novemba 2005

Nekesa,

Siku kumi, kimya. Wanyonyi amepiga simu ya zahanati mpaka kidole kimemuuma, haishiki. Leo nimeambiwa Gikonyo hakusimama Kitale. Yuko Moi's Bridge kwenye foleni ya kuuza mahindi, na barua yangu iko chini ya kiti chake.

Kijana Wekoye anakuletea barua hii kwa pikipiki sasa hivi. Sina muda wa kukueleza mengi: naogopa gesi imejaa juu ya kichwa chako. Usiingie na moto. Usiwashe taa wala kuizima. Funga gesi kwa nje. Kisha funga king'ora kwenye ufito, ukipandishe polepole kuelekea batini. Kikilia, toka, ubomoe ule udongo ukiwa nje. Ukitaka kunicheka nicheke, lakini fanya.

Baba yako


Kitale, 22 Novemba 2005

Baba,

Mimi ni mzima. Nianze na hilo.

Jana jioni nilisoma barua aliyoleta Wekoye, nikaanza kweli kucheka. Halafu nikaona mwandiko wako ulivyopinda. Nilifunga gesi, nikachukua ufito. Haukufika hata kwenye boriti, king'ora kikalia. Nilitoka mbio, nikamkuta Kibiwott anakuja na jiko la makaa mikononi. Mvua ilikuwa inamlowesha, akaona leo aote moto ndani. Nililipiga teke jiko lile likaangukia matopeni. Akaniuliza, "Madam, si ni baridi tu, bana, nimekosa nini?" Nikamvuta mkono mbali na mlango.

Tulibomoa udongo kwa jembe, kutoka nje. Kiungo kimoja cha bomba kilikuwa kinavuja, sijui tangu lini. Tumerudi hamsini na tatu, na Munene anakuja Jumatano ijayo.

Barua yako ya kwanza nayo imefika leo asubuhi. Umesema mtu aliziba tundu la kiwandani. Hukuwahi kutuambia ni nani.

Binti yako,
Nekesa


Bungoma, 26 Novemba 2005

Nekesa mama yangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, nikalia mbele ya Wekoye bila haya.

Usivishe nyumba, visha mabomba. Kila bomba la maji moto, na tangi, likandike majivu na udongo, juu yake ufunge gunia. Joto litabaki kwenye maji, gesi itoke juu. Kama hamtafika sitini, basi. Munene aje, aung'oe, matundu yabaki wazi.

Umeuliza ni nani. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu. Wakubwa walitaka kuni zipungue. Nilipanda ngazi mwenyewe, na magunia na udongo, kama wewe. Kuni zikapungua, wakanipigia makofi. Siku ya nne nilimtuma Eliakim ndani. Niliwaambia masikio yangu yaliuawa na kelele za mashine. Nilidanganya. Mlipuko ule ndio kitu cha mwisho nilichosikia.

Mama yako, Mungu amrehemu, alidhani gunia la kila mwaka ni ukarimu. Mjane naye anadhani hivyo. Mavuno haya, midomo yake iliposema asante, nilitazama kando.

Kesho naenda Chwele kumwambia. Gunia siendi nalo.

Mimi ni mzima. Hofu sasa ni kwangu.

Baba yako,
Sifuna