Kigoda cha Kwenda Magu

Alhamisi, Juni 1996

Nimeshindwa kufurahi.

Leo tulikabidhi vigoda. Mwalimu wetu wa useremala hasahihishi kwa kalamu. Anakikalia kigoda chako, anakunywa chai, na kisipolia mpaka kikombe kiishe, umefaulu.

Changu hakikulia. "Umeiva, binti," akasema. "Hiki kesho nampelekea mama yangu Magu. Viti vya plastiki havitaki."

Nikajibu, "Asante, mwalimu." Mjinga mimi!

Tundu la mguu mmoja nililichimba kubwa mno, nikaziba kwa gundi na unga wa mbao. Sijui itashika mpaka lini.

Kesho nitamwahi kabla hajapanda basi. Atakasirika, najua. Lakini yeye amekikalia kwa muda wa kikombe kimoja tu cha chai. Mama yake atakikalia kila siku.