Walizika Mgomba kwa Jina Langu, Sasa Wanataka Nizaliwe Upya

Ndugu Mshauri, pole na kazi, naomba unisaidie maana kichwa kimejaa na usingizi sina. Mimi ni mkulima wa kijiji cha ujamaa hapa Mikumi, nilikuwa mgambo, vita vya Uganda vilipoanza nikachukuliwa, nikapigana hadi nikapewa ukoplo, halafu gari letu likakanyaga bomu nami nikalazwa huko huko miezi mingi, mikono yote imefungwa, naogeshwa na kulishwa uji na wauguzi, na mwenzangu mmoja aliyeona gari likiungua akarudi nyumbani akasema Mathias amekufa.

Basi ukoo ukaweka matanga, na kwa kuwa maiti haikuwepo wakazika mgomba uliovishwa shati langu, mke wangu Fausta akanyolewa, na matanga yalipoondolewa jina langu na jembe langu akapewa mpwa wangu Vitalis, mtoto wa dada yangu Generoza, kama desturi yetu ilivyo. Mwezi uliopita nilishuka kwenye basi kwa miguu yangu mwenyewe, watu wakakimbia, Fausta yeye hakukimbia, alikaa chini palepale barabarani akawa analia na kucheka, nami nikalia, Mungu ashukuriwe sana, sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Lakini tulipofika mlangoni wazee wakanizuia, wakasema aliyekwisha kuzikwa haingii ndani mpaka azaliwe tena, yaani dada yangu anipakate mbele ya watu, ninyolewe, nioshwe, nipewe jina upya, la sivyo wanangu watakufa mmoja mmoja, nami nikakataa katakata, mimi koplo, mtu mzima na ndevu zangu, nipakatwe mbele ya wakwe na balozi wa nyumba kumi? Sasa nalala jiko la nje, Fausta ananiwekea chakula kizingitini, binti yangu Teresia akitaka kunikimbilia mama yake anamshika gauni, na Vitalis naye ananisihi nikubali kwa sababu amechoka kuitwa mimi. Juzi Fausta aliniambia, "Baba Teresia, wewe sikuogopi. Naogopa kuzika tena, na safari hii mtoto." Nishike lipi, heshima yangu au maneno ya wazee?

Ni mimi Mathias, Mikumi.

JIBU

Koplo, karibu nyumbani. Wanaoniandikia siku hizi wengi ni wajane, kwa hiyo barua ya mume aliyerudi nimeisoma mara mbili kwa raha tupu.

Sasa nikugombeze. Wewe unaita heshima, mimi naita ubishi. Wauguzi usiowajua wamekuogesha na kukulisha kijiko kwa kijiko, na ukoplo wako haukupungua hata chembe. Leo ukipakatwa na dada yako wa tumbo moja ndiyo utavuliwa cheo? Wala usiniambie kwamba mambo hayo huyaamini, kwani hakuna aliyekuuliza. Fausta anaamini, na ndiye aliyebaki na watoto hao wakati wote ulipokuwa maiti. Unamtaka ashinde hofu ya kupoteza mtoto, na wewe aibu ya asubuhi moja imekushinda. Naona unawapenda sana watu wako, ila kwa hili unawaonea.

Wazee nao nina neno nao. Waliharakisha msiba kabla ya kupata habari za uhakika, basi wasije sasa wakasema tungoje mtama uvunwe ili pombe itoshe. Waambie hivyo kwa adabu, shikamoo ikitangulia.

Jumamosi hii mwite Generoza. Vua viatu vya jeshi, keti mapajani pake, na uzito ukimshinda Vitalis amshike mgongo. Ukiulizwa jina usinong'one, litaje kama uko gwaride. Kisha pokea jembe lako, ingia ndani, umbebe mwanao. Watu watacheka, ndiyo, na wakwe zako watacheka kuliko wote. Waache wacheke, Koplo, walishakulilia vya kutosha.