Ruksa, Paka Aliyenyimwa Maji kwa Mkojo Asioukojoa

Kwa moyo mzito, na kwa kalamu ya wino mweusi iliyonunuliwa mahususi kwa shughuli hii, familia ya Bibi Ethel Nalinga wa Mkunya, Newala, inawatangazia ndugu, jamaa, wanakwaya, wanaushirika na wananchi wote, kuanzia huku juu mpaka Masasi chini ya majabali, kwamba leo mwaka umetimia tangu utuache, Ruksa, mpenzi wetu, mlinzi wa ghala, nguzo ya nyumba.

Ulikuwa paka. Ulikufa kwa kushindwa kukojoa. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana familia ina hasira na ina mambo ya kusema.

Tangazo limeandikwa na mjukuu Cecil, wa kidato cha tatu, kwa sababu ana hati nzuri na, kwa maneno yake mwenyewe, moyo safi.

Ulikuja mwaka ule maduka ya Newala yalipojaa tena sabuni na dawa ya meno, na jibu la kila swali likawa "ruksa". Bibi alikukuta dukani kwa Mzee Khalidi, umelala ndani ya katoni ya sabuni ya nje. "Nimchukue?" akauliza. "Ruksa," akajibu Mzee Khalidi. Jina likakaa. Na kweli kila kitu kilikuwa ruksa kwako: kulala juu ya kitenge cha Bibi cha kanisani, kupita mezani katikati ya sala, kunoa kucha kwenye magunia ya korosho. Mwili wako ulikunyima ruksa moja tu, nayo ni ya jambo ambalo hata mbuzi hulifanya bila kufikiri.

Kazi yako uliijua. Kila panya wa ghalani ulimleta hadi mlangoni kwa Bibi, ukamlaza kichwa kikielekea chumbani, kama barua iliyosajiliwa.

Kisha ukaanza kuugua. Ulichuchumaa uani, ukahama. Ukachuchumaa penye majivu, ukahama. Ukachuchumaa ndani ya ungo wa Shangazi Dorika, ukalia. Halikutoka hata tone. Tumbo likawa gumu kama bibo bichi. Bibi akakutia kapuni, akapanda gari la mizigo lililokuwa likishuka Masasi.

"Shikamoo Bibi. Umebeba kuku?" kijana mmoja akauliza.

"Marahaba. Nimebeba mgonjwa."

"Mgonjwa gani huyo analia kama paka?"

"Ni paka."

Gari zima likaangua kicheko. Bibi akawatazama mmoja mmoja. "Chekeni tu. Siku mkojo ukimgomea mmoja wenu, atakuja kuniazima kapu."

Huko Masasi, bwana mifugo naye alianza na maringo. "Mama, mimi ni wa ng'ombe na mbuzi."

"Huyu ana miguu minne. Hesabu."

Akahesabu, akatafuta mrija mwembamba, akakuhudumia. Kilichotoka kilikuwa na damu na chenga kama za mchanga. Alipomaliza hakuwa na maringo tena. "Kibofu kina mchanga, mama. Njia ya dume ni nyembamba, inaziba, na itarudi kuziba. Ng'onda, yule samaki mkavu, asile, ana chumvi. Maji, maji, maji. Na ukimwona anachuchumaa bila kutoa kitu, usingoje kesho."

Maji, maji, maji! Mtu wa bondeni huyataja mara tatu kwa pumzi moja. Huku kwetu nyumba hunywa mvua iliyoteremka kutoka kwenye bati mpaka kisimani, na kabla mvua mpya haijanyesha ndoo hurudi na matope. Hata hivyo Bibi alikupa bakuli lako, lile la bluu lililobanduka rangi ukingoni, na halikukauka. "Sisi tunaoga kwa kikombe, paka anajaziwa bakuli," alinung'unika Shangazi Dorika. "Wewe ukikauka unapiga kelele," alijibu Bibi. "Huyu akikauka anakufa."

Ugonjwa ulirudi mara mbili baada ya hapo, na mara mbili wewe ukashushwa Masasi, mpaka wenye magari wakakuzoea. "Mpisheni Ruksa," walisema, "anakwenda kujisaidia."

Sasa tuje kwenye dhuluma.

Desemba iliyopita Bibi alikwenda Lisekese msibani, siku nne. Cecil alikuwa nyumbani, likizo kutoka shule ya bweni. Bibi aliacha neno moja tu, kwake na kwa Shangazi: "Bakuli lisikauke." Kesho yake asubuhi Shangazi aliingia ghalani, akatoka ameziba pua.

"Cecil! Hebu njoo unuse. Mfalme wa nyumba amekojolea korosho!"

Gunia la chini lilikuwa limelowa. Cecil akainama, akanusa.

"Si mkojo huu?"

"Mh," akasema Cecil.

"Nilijua. Haya, asiyekunywa hakojoi." Akaligeuza bakuli lako kifudifudi, akakutoa nje uani, akafunga mlango wa jikoni.

Familia inauliza, na inauliza kwa sauti: hii ni mahakama ya wapi? Mtuhumiwa ambaye mkojo wake ulifuatwa kwa gari mpaka Masasi, ambaye tone lake moja lilishangiliwa nyumba nzima kama bao, ndiye wa kulowesha gunia? Bwana mifugo amesema maji mara tatu. Wewe Shangazi ukasikia nini? Ulimwona akichuchumaa siku nzima, ukasema, "Mtazame, bado anaendelea kukojoa!" Ulitazama chini yake? Palikuwa pakavu! Siku ya tatu aliacha hata kulia. Siku ya nne Bibi alirudi, akamkuta ukingoni mwa kisima, mdomo umeelekea kwenye maji yasiyofikika.

Na hiyo harufu, nani aliipima? Mtu mwenye pua timamu angejua mara moja kwamba haikuwa ya mkojo. Ilikuwa chachu, yenye utamu kwa mbali, kama ya mabibo yaliyokamuliwa yakalala siku tatu ndani ya dumu lenye kifuniko kilichopasuka.

Tangazo lilikuwa liishie karibu na hapo. Lakini Bibi hapeleki karatasi yoyote ukutani kwa Mzee Khalidi kabla hajasomewa, na miwani yake ina kioo kimoja. Basi Cecil alimsomea barazani leo asubuhi, kwa sauti ya mahubiri, Shangazi Dorika akimenya mihogo pembeni na kupokea lawama zake kimya, kama alivyozipokea mwaka mzima.

"Rudia hapo," Bibi akasema.

"Hapo pa mahakama, Bibi?"

"Hapo pa dumu."

"Ndani ya dumu lenye... kifuniko kilichopasuka."

"Nani alikwambia kilipasuka?"

Kisu cha Shangazi kikasimama kwenye muhogo. Cecil akakohoa kiungwana. Akasema ni tamathali ya semi. Bibi akasema, "Mh."

Cecil ni mimi, Ruksa. Wewe ulijua tangu siku ile, maana ulikuwa umelala juu ya gunia wakati nalificha dumu nyuma yake. Ilikuwa uraka, pombe ya mabibo, nimeukamua mwenyewe shambani, niupeleke bwenini nikawaonyeshe wenzangu ujanja. Ulichacha, ukavimba, ukapasua kifuniko. Aliponiita Shangazi ninuse, nilijua kabla sijainama. Neno moja tu, "Shangazi, ni uraka," na bakuli lingebaki wima. Ningechapwa, ningesemwa kanisani, yangekwisha. Nikasema "mh". Sikusema uongo, nilijiambia. "Mh" si neno. Jioni nikalihamisha dumu. Bakuli sikuligusa. Nilipita karibu nalo siku zile zote, nikatoka uani wewe ukinifuata kwa macho, na kila mara nilijiambia kwamba Bibi anarudi karibuni.

Halafu nikakuchimbia kaburi, nikaongoza sala, na mwaka mzima nikamwita Shangazi yangu muuaji wa paka, kwa utani, mbele za watu.

"Kumbe," akasema Shangazi Dorika. Hakupaza sauti. "Na mimi nimekuwa nikikaa na hilo peke yangu. Nikiona bakuli, naondoka jikoni."

"Nisamehe, Shangazi."

"Maji nilinyima mimi. Nusu ni yangu. Lakini nusu yako, Cecil, ulinibebesha pamoja na yangu."

Nikataka kuichana karatasi. Bibi akaishika. "Usichane, usifute. Ongeza lililobaki, ukabandike. Watu walimsikia Dorika akisemwa, wamsikie na mwenzake. Na jina lako uliandike la mwisho, chini ya panya."

Basi wanaokukumbuka ni hawa: Bibi Ethel, aliyekubeba, Shangazi Dorika, ambaye mbele ya Mkunya yote ninamwomba radhi, kuku wa uani, panya wa ghalani, wanaokukumbuka kwa furaha, na chini yao, kwa amri, mimi Cecil.

Hutatutoka moyoni, Ruksa. Bakuli lako liko wima, na leo nimelijaza mimi.