Makinda Kwenye Jaruba la Pembeni

Rajasthani, India
9 Novemba 2024

Baba yangu,

Assalaam alaykum na shikamoo. Mimi mzima, mafunzo ya kutunza ndege wa porini yanakwenda vizuri. Mguu wa mama je?

Baba, leo nimewaona korongo! Wamevuka milima ya theluji kuja kukimbilia joto la jangwa. Alfajiri walishuka kando ya bwawa, kati ya bata wa porini, anga zima likawa kelele. Wanakijiji huwamwagia nafaka uwanjani. Nikawakumbuka wa kwetu Ubaruku, wale wenye taji.

Mwanao,
Siwema

Ubaruku
24 Novemba

Mwanangu Siwema,

Waalaykum salaam, marahaba. Mama yako sasa anatembea bila fimbo.

Hao wenye taji usinitajie. Nimesia mpunga, kesho yake wameufukua. Huko wanapewa, huku wanajichukulia. Mimi na jirani Benjamini tumekubaliana kuweka mahindi yenye sumu. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu.

Baba yako

Rajasthani
25 Novemba

Shikamoo Baba,

Ujumbe wako nimeupata sasa hivi. Usiweke! Sumu haichagui, na bata wa mama wanazunguka humohumo. Korongo anafukua mbegu tu; mpunga ukishashika mizizi anatafuta wadudu. Linda shamba hadi hapo, piga debe wakimbie. Nikikosea, nitakuja kusia upya kwa mikono yangu.

Siwema wako

Ubaruku
2 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba, ingawa imechelewa. Sote wazima. Nilinyamaza kwa hasira: mtoto anifundishe kilimo!

Lakini debe nilipiga. Benjamini alipoleta sumu nikamwambia, "Kwangu hapana."

"Siwema amekuroga toka India?"

"Ameniroga. Irudishe."

Akanuna. Asubuhi nikamwona anakuja na debe lake.

Siku moja korongo wawili wakaanza kucheza mbele yetu, wanainama, wanaruka, mabawa wazi. Benjamini akasahau kupiga. Nami sikumkumbusha.

Mpunga umestawi, tutavuna vizuri inshallah. Jaruba la pembeni tu, lile lenye matete, sikulipanda. Korongo wale wameangulia makinda humo. Mama yako anasema nimezeeka vibaya.

Ukirudi Machi, usipite kwenye mfereji kama ulivyozoea. Zungukia juu, polepole. Usiwashtue.

Baba yako