Kipande cha Mshumaa wa Babu

Orla mwanangu,

Supu ya viazi iko jikoni, ipashe moto. Maziwa ya dirishani ni ya Mtakatifu Brigidi, apitapo usiku wa leo, si ya paka wako.

Asubuhi nilikufokea kwamba, katika kufagia nyumba kwa ajili ya sikukuu yake, umetupa kipande cha mshumaa wa mwaka jana, ule wa mwisho kuwashwa na marehemu babu yako. Ukaondoka hata chai hujanywa. Nimekikuta sasa hivi mfukoni mwa aproni yangu mwenyewe. Nisamehe.

~~Nisubiri nitoke kazini, nije niwashe mwenyewe.~~

Usinisubiri. Jua likizama, washa hicho kipande, nimekiweka juu ya barua hii, kisha kwa moto wake uwashe mshumaa mpya. Babu alitaka mwaka huu uwashe wewe. Nilimwahidi nitakwambia, nikanyamaza kwa wivu tu.

Mama