Ijumaa za Zubara

Ijumaa, 3 Oktoba

Vioo vitatu vya simu kabla ya saa sita. Kimoja nimekipasua mwenyewe. Nimefunga kibanda changu cha kutengeneza simu mapema, Umbilo Road hapa Durban yote maji, nimekuja nyumbani kukaa karibu na dirisha ambako mtandao haukatiki. Ijumaa ni siku ya Zubara.

Riziki, mke wangu, anafagia huko. Ni magofu ya mji wa Waarabu, ufukweni mwa Qatar. Zamani wafanyabiashara walifuata lulu pale. Sasa ni mchanga, na kuta nyingi zinaishia magotini. Akimaliza kazi hungoja gari la kampuni, na wakati huo hunitembeza kwa simu. Leo tumeona chumba cha kukamulia tende. Sakafu ina mifereji. Magunia yalipangwa juu yake, yakalaliana, asali ya tende ikachuruzika yenyewe hadi kwenye mtungi. Nikasema hiyo ni akili. Akacheka kidogo.

Mkataba wake wa miaka miwili unaisha mwezi huu. Hajasema kama anarudi. Sijauliza. Mimi mwoga.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefanya jambo.

Pasta wa kanisa letu la Wakongo alihubiri kwamba mwenye imani hangoji kupokea, anatoa shukrani kabla. Nikasimama. Nisijidanganye, nilikuwa nimejiandaa tangu jana: kreti ya soda, mikate, sukari, na kitenge cha Riziki begani. Kwaya ikanifuata, kina mama wakacheza nyuma yangu hadi madhabahuni. Nikashika kipaza sauti nikasema Mungu amemrudisha mke wangu. Amemrudisha! Kana kwamba ameshatua na mabegi.

Mama Sifa, kiongozi wa kwaya, akanikumbatia. "Papa Bisimwa, siku atafika tuko airport wote, na ngoma. Iko lazima!"

Furaha ilidumu mpaka nilipofungua mlango wa nyumba.

Jumanne, 7 Oktoba

Kuna aliyemtumia Riziki video ya Jumapili. Bila shaka. Kundi letu la WhatsApp la kanisa lina watu mpaka Norway.

Ameandika: "Nimeona." Basi.

Mteja amerudisha simu niliyoifunga bila betri ndani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuweza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sina hamu ya kuandika. Lakini nikingoja kesho nitaanza kuyapamba maneno yake.

Leo amenipeleka mbali, kwenye nyumba kubwa yenye ua katikati. Akaegemeza simu kwenye ndoo yake, akaketi kwenye njia ya mbao ya wageni. Niliona anga na nusu ya uso wake. Kisha akalia. Sijamwona akilia tangu wenye kuchukia wageni walipoivunja saluni ya mtaa wa Overport alikokuwa akisuka nywele, yeye akajifungia chooni mpaka jioni.

Kumbe hajali lulu wala tende. Chumbani wanalala wanawake sita. Garini wanabanana. Bafuni foleni. Zubara ndiko anakopata kuwa peke yake. Miezi yote hii nilidhani ananionyesha mji. Alikuwa anatafuta pa kulilia, akanichukua tuende wote, halafu akaniona nimechangamka hivyo, akaahirisha kulia.

Akasema: "Chéri wangu, mimi naogopa Durban. Hata nikisikia tu jina yake, natafuta pa kujificha. Ukisema nirudi, nitarudi, sitakatala. Lakini utaishi na mtu anaogopa kila siku. Jumatatu wanataka jibu, kama nasaini tena ao hapana."

Gari likapiga honi. Akakata.

Nina hasira. Na yeye, na pasta, na kwaya, na waliovunja saluni, na mimi zaidi. Mimi huku natafuta mtu hata wa kugombana naye, yeye kule anatafuta kona isiyo na mtu. Namtaka nyumbani. Namtaka vibaya sana. Neno moja tu nikitamka, anapanda ndege.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda Overport kwa teksi. Saluni sasa ni duka la kuku wa kukaanga. Hata alama ya mlango wa zamani sikuiona.

Nilitaka kupata la kumwambia. Kwamba pametulia, watu wanapita, watoto wanakula chipsi. Na kweli pametulia. Nikasimama pale muda, wanaume wawili wakageuka kunitazama, wakaendelea na yao. Ndipo nikaona nimekumbatia mkoba kifuani kwa mikono miwili, na kwamba tangu niteremke nilikuwa nahesabu wapi pa kukimbilia. Ndivyo ninavyotembea mji huu siku zote. Nilishasahau kuna namna nyingine.

Nimerudi kwa miguu. Sikununua kitu.

Jumapili, 12 Oktoba

Ibada. Nimekaa nyuma. Pasta akataja kamati ya mapokezi, watu wakageuka kuniangalia kwa tabasamu.

Hakuna utaratibu wa kufuta shukrani iliyokwisha kutolewa. Nilitafuta kichwani wakati wote wa sadaka, haupo. Baada ya baraka nikamvuta Mama Sifa pembeni, nikamwambia harudi. "Haya, Papa. Soda tulishakunywa, tutafanya nini? Unakuja Alhamisi kwa répétition ya kwaya. Hatuna basse hata mmoja wa kuimba sauti nzito." Nikacheka. Nilijishangaa.

Nyumbani nikaandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mwingine, nikaufuta. Mwisho nikatuma: Riziki, saini.

Tiki zikageuka buluu papo hapo. Ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena. Ikaacha. Sikumlazimisha.

Mvua imerudi. Nimepika wali, mwingi kama kawaida. Miaka miwili napika wa watu wawili na kumaliza kiporo asubuhi. Kesho nitapima kikombe kimoja.